Deme si Demu

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Baridi ya msimu huu inanipiga mgongoni, pale pale ninapobebea mifuko ya saruji. Ugali upo kwenye sufuria. Sijaugusa.

Naandika kwa simu, na kioo kina ufa, kwa hiyo herufi zikikosewa mnisamehe, kama kuna mtu anayesoma.

Nianze na asubuhi. Shemeji yangu alipiga simu kutoka Ujiji. Mke wangu Asha, dada yake, yuko huko na binti yetu Tatu. Mimi niko Dodoma, ni saidia fundi, yaani yule anayekoroga zege na kumpandishia fundi matofali. Nilikuja kwa jengo moja tu. Likaisha, likaanza lingine. Nilipoondoka Tatu alikuwa hajaota meno. Sasa anaandika jina lake.

Zamani shemeji alikuwa akinipigia lazima anitanie kwanza. Leo hakunitania. Alisema Ijumaa baada ya swala kutakuwa na kikao cha wazee juu ya ndoa yetu. Nikifika, tutazungumza. Nisipofika, wao watajua nimekwisha kujibu.

"Asha anataka kusikia kwako leo, shemeji. Unakuja au huji. Ila usimwambie tena kesho."

Nikasema sawa. Kisha nikatoka kwenda kujificha Majengo.

Nauli naweza kuipata, nisijidanganye. Msimamizi amesema anayeondoka asitegemee kukuta nafasi yake, na hilo nalo ni kweli. Lakini kinachonifunga miguu ni kushuka stesheni ya kwetu na begi lile lile nililoondoka nalo, majirani wakiniangalia mikono mitupu. Huo ndio ukweli na sijawahi kumwambia Asha.

Nyuma ya wauza mahindi na karanga pale Majengo kuna kibanda umiza cha Baba Rehema. Ni mabati, mabenchi, pazia jeusi na televisheni moja kubwa. Baba Rehema ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno, anaweza kukuuzia kiti ulichokalia. Jumapili hutuonyesha mpira, na mpira usipokuwepo hutuwekea sinema. Sinema za nje tumezoea kuzitazama zikiwa na sauti ya DJ juu yake, anayetueleza kwa Kiswahili nani kamgeuka nani na nani atakufa. Bila DJ sisi hatuoni sinema, tunaona watu wanatembea.

Leo flashi aliyoileta ilikuwa na sinema ambayo DJ hakuigusa. Ilianza, wazungu wawili wakakaa mezani, wakaongea. Kifaransa kitupu. Kibanda kizima kikapiga miluzi.

Baba Rehema akainua maiki yake ya kutangazia mechi. "Tulieni! Mkongo si huyu hapa?"

Mkongo ni mimi. Wala sijawahi kukanyaga Kongo. Lakini huku ukisema unatoka mwisho wa reli, watu wanaona umevuka ziwa juzi. Nikakataa. Fundi Chibehe, Mgogo ninayemsaidia kazini, alikuwa amekaa pembeni yangu, akanisukuma kwa kiwiko.

"Kamata maiki, kijana. Sisi tunataka kucheka."

"Fundi, mimi Kifaransa sijui."

"Kwani ma-DJ wanajua?"

Nikaikamata.

Kifaransa changu ni neno moja. Nilipokuwa darasa la nne, mama alinipeleka kwa fundi cherehani mmoja, Mkongo wa kweli, anishonee kaptura ya shule. Kila nikienda kuichukua, ananiambia, "Deme, mwanangu, deme." Nikamuuliza mama deme ni nini. Mama akasema ni kesho. Nikaenda kwa ile deme mpaka njia ikanizoea. Kaptura ilipotoka ilikuwa haipandi mapajani.

Basi nikiwa na neno hilo moja nikawa DJ.

Ile sinema niieleze kama nilivyoiona. Kuna hoteli ya kula, barabarani, porini. Kuna mhudumu mwembamba, ana aproni nyeupe, anawaletea wale wawili supu. Akimaliza anavua aproni, anachukua koti, anafungua mlango aende zake. Nje ya mlango hakuna nje. Kuna hoteli ile ile, meza ile ile, wale wale wawili wanasubiri supu. Na pembeni kuna mzee kakaa kwenye kiti cha kukunja, kavaa hedifoni, kazungukwa na kamera na taa. Mzee anamwambia mhudumu neno moja, mhudumu anavaa aproni tena.

Watu wa Majengo walikasirika kwanza.

"Baba Rehema, umetuletea sinema mbovu! Kamera inaonekana!"

"Wamesahau kuikata hiyo!"

"Stelingi ni yupi? Mkongo, tuambie stelingi ni yupi!"

Hilo la stelingi liliwasumbua kuliko yote. Sinema isiyo na mtu wa kumshikilia, hujui umwogopee nani. Wengine walisema ni yule mwenye bunduki mezani. Yule akajipiga risasi, akaanguka, halafu akanyanyuka akaomba chumvi. Hapo mwendesha bodaboda mmoja, aliyekuwa hajavua hata helmeti, akasimama kudai kiingilio chake.

Halafu picha ikazima. Giza tupu, sauti mbili zinagombana kwa Kifaransa. Wote tukaguna, umeme umekatika. Baba Rehema akatoka mbio kwenda kuangalia mita. Mita nzima. Feni inazunguka. Kumbe giza lilikuwa ndani ya sinema yenyewe, waigizaji wanagombana gizani. Aliporudi taa za kule zimeshawaka na kibanda kizima kinamcheka. Tangu hapo hasira ikaisha. Wakaanza kuipenda.

Na mimi nilikuwa nasikiliza. Kila mhudumu akifika mlangoni, yule mzee mwenye hedifoni anasema lile neno. Mara ya kwanza nilidhani masikio yangu. Mara ya pili nikasimama kabisa.

Deme.

Nilifurahi kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. Nikapaza sauti kwenye maiki, lakini wenye masikio walishaniwahi.

"Demu! Kasema demu!" ni yule wa helmeti. "Jamaa anatafutiwa demu!"

Kibanda kikalipuka.

"Si demu," nikasema. "Ni deme. Maana yake kesho. Anamwambia utaondoka kesho."

"Mkongo, usitufiche! Hata sisi tumesikia!"

"Kweli tena, ni kesho."

"Tafsiri demu au rudisha maiki!"

Ndiyo ikawa hivyo. Mhudumu akifungua mlango, mzee akifumbua kinywa, watu wote wanaitikia kwa pamoja, "Demuuu!" na kupiga mabenchi. Kwao ilikuwa sinema ya mwanaume anayehangaikia mwanamke. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naona mtu anaambiwa kesho, anageuka, anajifunga kamba za aproni kwa nyuma bila kuangalia. Mikono yake ilishazoea. Niliiangalia yangu nikaiweka chini ya benchi.

Kuna mahali ilituonyesha ukumbi wa sinema. Wazungu wamekaa kwenye viti, wametukodolea macho, wanasubiri sisi tufanye kitu. Tukanyamaza wote. Walitutazama, tukawatazama. Mbele kabisa kulikuwa na bibi kizee mwenye kofia, na mlevi mmoja wa nyuma akaona si adabu kukaa kimya.

"Shikamoo, bibi."

Nilicheka mpaka machozi. Najua ndiyo mara ya mwisho niliyocheka leo.

Kwa sababu baada ya hapo mhudumu alikuja mbele kabisa, uso wake ukajaza televisheni, na akaanza kutuambia sisi. Hakuwaambia wale wa mezani. Alisema muda mrefu. Machozi yanamtoka. Nilishika deme, na deme nyingine, katikati sikushika kitu. Watu wakaniangalia.

"Mkongo! Anasemaje?"

Sijui nini kilinishika. Ningeweza kusema anadai mshahara, ingetosha. Nikaweka maiki mdomoni.

"Anasema ana mke. Anasema mke wake kamwambia njoo, yeye kasema kesho. Mtoto kaota meno, kasema kesho. Anasema si kwamba hawezi kwenda. Anaogopa watu watamwangalia mikono."

Wakacheka. Sijawahi kuchekesha watu namna ile. Yule wa helmeti alianguka kutoka kwenye benchi. Mwanamke anayeuza kahawa mlangoni alijifuta macho kwa kanga. Kadiri yule mzungu alivyolia ndivyo nami nilivyoendelea, na kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyozidi.

"Mkongo, umetuua!"

"Muongezee! Mwambie arudi kwa mkewe, bwege huyo!"

Fundi Chibehe naye alicheka. Halafu akaacha. Nilimwona akinitazama mimi badala ya televisheni, nikageuza uso.

Mwisho mhudumu alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Yule mzee hakusema kitu. Mhudumu akashika kitasa. Picha ikaganda hapo hapo, mkono juu ya kitasa, ikazima.

Hakuna aliyejua kama ndiyo mwisho au flashi imeharibika. Wakabishana. Wengine wakasema katoka, kaenda kwa demu wake. Wengine wakasema kuna sehemu ya pili. Baba Rehema akachomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Mkono juu ya kitasa. Giza.

Fundi Chibehe alinisindikiza mpaka barabarani, upepo ukitupiga vumbi usoni. Kisha akaniuliza, "Yale ya mke, yalikuwemo kwenye sinema?"

"Yalikuwemo, fundi."

"Haya." Akakohoa. "Maana mimi nilidhani ni komedi tu."

Fundi angeniombea ruhusa. Angenitafutia mtu wa kushika koleo langu mpaka nirudi. Nilikuwa na haja ya kumwambia tu, hapana, hayakuwemo, na sikusema.

Nimefika chumbani nikampigia Asha. Nilitaka kumjibu, wallahi nilitaka. Lakini nikaanza kumsimulia sinema. Nikamweleza mita ya Baba Rehema, shikamoo ya yule mlevi, demu na deme. Akacheka. Asha akicheka huanza na pumzi, halafu sauti inafuata baadaye. Nilikuwa nimeisahau. Nyuma yake nilimsikia Tatu akiuliza, "Nani huyo?"

Si "baba anasema nini". Nani huyo.

Asha akamaliza kucheka. Akauliza, "Sasa huyo mhudumu mwisho alitoka?"

"Sinema ilikatika."

"Na wewe?"

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, nakuja au siji. Yote mafupi, hata Tatu anaweza kuyaandika. Nikafungua mdomo, na mdomo ukafanya ulichozoea.

"Nitakwambia kesho, mama Tatu."

Hakugomba. Ningependa agombe. Nikasikia upepo wa huku kwangu unavyogonga bati. Halafu akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayemrudishia jirani chombo chake, "Nimekuelewa, Ramadhani. Ijumaa usijisumbue. Ukiwa na neno, zungumza na kaka." Miaka yote ananiita baba Tatu.

Nimepiga tena. Haipokelewi. Nikapiga tena, imezimwa.

Sasa hivi naandika, na treni ya bara inapiga honi kule stesheni. Ni reli ile ile. Ukikaa ndani na usishuke popote, inakwisha kwetu. Naisikia kila inapopita, na kila inapopita nina sababu.

Kikao ni Ijumaa. Bado siku zipo, mtu mwingine angesema. Mtu mwingine angefunga begi usiku huu, liwe lile lile, aende akaangaliwe mikono. Mimi nimelitazama lilipo juu ya msumari na nimejua, bila kujidanganya, alfajiri nitavaa buti na kwenda kukoroga zege.

Wenye kuandika shajara humalizia kwa kujipa moyo na siku inayokuja. Mimi hiyo siku naijua jina lake kwa lugha mbili, na ndiyo iliyonila.