Benki Iliandika Jina Lako

Mama Riziki wangu,

Unajua shule niliiacha mapema, lakini maneno haya nikiyabakiza moyoni yatanichoma. Ukikuta kosa, nicheke tu kama zamani.

Ile benki ya wageni imeshtakiwa. Ndiyo, ile ile tulikokutuma na akiba ya kikundi chetu, askari walipokuwa wakipora nyumba hadi nyumba Bukavu. Benki ilitaka jina moja, tukasema liandikwe la Mama Riziki, huyo hadanganyi. Kisha hao wageni wa benki wakafunga milango, wakaenda kwao. Sasa watu walioweka pesa wakati wa vita wameungana, wana wakili hapa Toronto.

Wakili akasema mwenye haki ni Riziki peke yake, maana jina ni lako, naye ndiye mrithi wako. Dada, chakula kilinishinda. Niliwaza wenzetu waliobaki kule wakiuza sabuni. Lakini ningemwambiaje mtoto? Ulipofumba macho kambini kwa wakimbizi ukaniachia, alikuwa mdogo, nimemlea kama wa tumbo langu. Nikitaja pesa, si ataona nadai malipo ya ulezi? Na ana mimba, na chumba chao na mumewe hapa Etobicoke kimewabana. Nikamsindikiza tu ofisini, na sombe ya majani ya mihogo nimefungasha, eti asije akasikia njaa.

Riziki wetu Kiswahili anasikia, ila anajibu Kiingereza. Wanaongea na wakili, mimi naangalia midomo. Mara nasikia: Mama Furaha. Mama Zawadi. Mama Byamungu. Anawataja kwa ule wimbo wake! Unakumbuka Jumapili za mchango, yeye ndiye alikuwa akituita, na kwa kila jina ulimpa karanga moja? Akamwambia wakili pesa ikitoka igawiwe hao wote, ndivyo alivyonieleza baadaye. Halafu akanigeukia, Kiswahili kabisa: "Mama, kuna mmoja simkumbuki. Nani?"

Nikajionyesha kifuani kwa kidole, huku nalia. Ni mimi, dada. Mama Shukuru. Amezoea kuniita Mama tu.

Wakili ameandika wote. Kesi bado, na huenda tusione hata senti. Namuomba Mungu, lakini hofu ile imenitoka.

Mjukuu wako akizaliwa nitamfundisha yale majina, la kwanza lako. Karanga nimeshanunua.

Pumzika, dada. Mtoto wako nimemshika.

Mama Shukuru