Spika Mpya, Redio Ileile

Jumatatu, 6 Juni 1994

Sindano ya kumi na tisa. Tako la kushoto limekuwa gumu kama ubao, kesho zamu ya la kulia. Sista Agnesi na maswali yake yaleyale, anaandika kwenye kadi bila kuinua kichwa. Kikohozi? Kimepungua. Homa? Hakuna. Unasikia vizuri? Nasikia vizuri, sista. Haya baba, kesho. Nikameza vidonge mbele yake, nikatokea mlango wa nyuma. Siku hizi ukionekana kwenye foleni ya kifua kikuu watu wanakuwa wameshakuzika. Ofisini nimesema nina vidonda vya tumbo.

Kazini kanda tatu za kikao cha Mpwapwa. Habari ya mifugo na maji. Nimevaa hedifoni tangu saa mbili mpaka saa tisa, napiga chapa neno kwa neno. Miaka kumi na saba kazi hii. Wakubwa wakibishana nani alisema nini, karatasi yangu ndiyo inayokata maneno. Bi Tabitha wa meza ya pili husema mimi nasikia mpaka mtu akimeza mate.

Wanasema wafanyakazi watapunguzwa, orodha inaandaliwa. Wacha iandaliwe. Mwenye sikio kama langu hapunguzwi.

Jioni kwenye gari kaseti imenikera. Spika zimekufa. Sauti nyembamba zote zimepotea, mwimbaji kama anaimba ndani ya gunia. Nitakwenda kwa fundi.

Jumatano, 8 Juni

Fundi Elia, kibanda chake kiko karibu na stendi ya mabasi. Mgogo mwembamba, mpole kupita kiasi. Aliinamia mlango, akasikiliza, akasema haoni ubaya. Haoni kwa sababu masikio yake yameharibiwa na makelele ya stendi. Nilimwambia hivyo.

Akataka ang'oe redio aweke mpya yenye taa za rangi. Nikakataa palepale. Redio hii ilikuja na gari kutoka Japani. Imekaa mahali pake barabara, vitufe vyote vipo, maandishi ya kwao hayajafutika. Kaka yangu wa Kariakoo aliponiachia hii Korola alisema badilisha utakacho, redio usiiguse. Gari lenye tundu kwenye dashibodi linaonekana la wizi. Elia anasema namba zake za FM zinaishia tisini, redio za watu binafsi zikija haitazikamata. Shauri yake. Mimi nataka kaseti na mpira.

Tumekubaliana. Redio inabaki. Tunabadilisha spika tu, mbili kubwa zenye umbo la yai, nyuma chini ya kioo.

Jumamosi, 11 Juni

Spika zimefungwa. Elia alikata ule ubao wa nyuma kwa msumeno mdogo, taratibu, kama anashona. Kazi safi, siwezi kumsema. Ngoma zinapiga mpaka unazisikia kwenye mbavu.

Lakini sauti nyembamba bado hakuna. Nilikaa garini nje ya nyumba kusikiliza mpira. Mtangazaji kama anatafuna muhogo huku anaongea. Goli nimelijua kwa makelele ya uwanja, maneno yake sikuyapata. Nimekasirika sana. Elia anasema kinachohitajika ni amplifaya. Mke wangu Zaituni asiulize bei.

Jumanne, 14 Juni

Amplifaya imekaa chini ya kiti cha mbele. Nilimsimamia Elia mwanzo mpaka mwisho. Redio ya zamani haina mahali pa kuchomeka amplifaya, kwa hiyo anachukua sauti kwenye nyaya zilezile zilizokuwa zinakwenda spika, anaipitisha kwenye amplifaya, ndipo inakwenda nyuma. Waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Kwa macho hakuna kilichobadilika, ukichungulia dirishani unaona redio ya Kijapani tu. Nimependa hilo.

Sasa nasikia. Nimeipandisha mpaka karibu na mwisho, ndiyo nasikia. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Rehema, hilo ni gari au harusi?"

Mama wa nyumba ya pili naye akafungua dirisha, akalifunga kwa kishindo. Wivu.

Tatizo limebaki moja. Kuna mluzi. Mwembamba, hauishi, unatoka kwenye spika hata nikipunguza sauti. Elia anasema injini ndiyo hutia mluzi, waya wa ardhi haujakaza. Nitamrudia.

Ijumaa, 17 Juni

Nimeanguka bafuni alfajiri. Natawadha, nimefumba macho naosha uso, ghafla sakafu ikakimbia. Bega limevimba. Njiani kwenda sindano nilikuwa nayumba, vijana wa kijiweni wakacheka, mzee kaamka na chupa. Mimi, mtoto wa Kondoa, ambaye sijawahi kuonja pombe maishani. Nilitaka kurudi niwapige.

Sista anajibiwa yaleyale. Kikohozi kimekwisha kabisa, mwili unarudi. Hilo ni kweli, suruali inanikaa tena.

Bi Tabitha leo ameniita mara tatu ndipo nikageuka. Nimemwambia aongee kama mtu.

Jumapili, 19 Juni

Siku mbaya. Tuliwasindikiza watoto wa dada yake Zaituni mpaka stendi, tukarudi sisi watatu. Niliweka kaseti. Kwenye kioo namwona Rehema kwenye kiti cha nyuma, mdomo wazi, nikafurahi, binti yangu anaimba. Nikapandisha kidogo aimbe vizuri. Zaituni akanipiga kofi la bega, bega lile lililovimba. Mtoto alikuwa analia. Ameziba masikio kwa mikono miwili na analia kwa nguvu zake zote, mgongo wake uko kwenye spika. Miaka tisa.

Nilizima. Zaituni hajasema nami tangu hapo. Au amesema.

Jumatano, 22 Juni

Nilimpelekea Elia ule mluzi wake. Alikaza waya wa ardhi. Nikamwambia bado. Alizima injini. Bado. Akatoa fyuzi ya amplifaya. Bado. Akaenda nyuma, akachomoa nyaya za spika zote mbili, akaja dirishani kwangu akizishika juu nizione.

"Mzee, waya uko mkononi mwangu."

Na mluzi ulikuwepo.

Nilimwita mwizi. Nilimwita mambo mengine ambayo sitayaandika. Aliniangalia tu, kwa huruma, nikaona bora angenitukana. Nikaondoka, nyaya zinaning'inia. Nikasimamisha gari karibu na reli, nikakaa. Treni ya mizigo ikapita polepole. Niliyatazama mabehewa yote. Gurudumu juu ya reli lina mlio wake, kila mtu wa Dodoma anaujua. Sikuusikia.

Mluzi uko kichwani mwangu. Spika hazina kosa. Nimeliandika, basi. Ofisini hakuna atakayejua.

Alhamisi, 23 Juni

Wameshajua.

Asubuhi niliingia nikakuta mkuu wa ofisi amesimama mezani kwangu, na bwana mifugo kutoka Mpwapwa kando yake, viatu vimejaa vumbi. Mkononi ana karatasi yangu ya kile kikao. Nimeandika: visima viwili vya upande wa mashariki vifungwe mpaka mvua. Karatasi ikaenda, amri ikatoka, visima vikatiwa kufuli. Siku sita. Wafugaji wakahamia kwenye dimbwi la mtoni na wenye bustani wako palepale. Juzi wamekatana mapanga. Mmoja yuko wodini, mkono wake hautafaa kitu tena.

Bwana mifugo anasema yeye mwenyewe ndiye aliyesema kikaoni, na alisema visifungwe.

Si. Silabi moja.

Mkuu akaleta kanda. Akaipiga bila hedifoni, chumba kizima kikasimama. Akaniuliza, kasemaje hapo? Nikasema, vifungwe. Akairudisha. Vifungwe. Akairudisha mara ya tatu, nikaona Bi Tabitha ameinamisha kichwa, na mama anayeleta chai, ambaye hata barua yake huandikiwa, midomo yake ikatamka ile "si" pamoja na kanda. Wote walikuwa wanaisikia. Kwangu mimi palikuwa na pengo dogo, kama mtu aliyevuta pumzi.

Nilisema kanda mbovu. Aibu niliyoiona leo sijawahi kuiona, na yule wa wodini simjui hata jina.

Jumamosi, 25 Juni

Ijumaa nilichomwa ya thelathini na tano kama kawaida. Nikajibu yaleyale kama mjinga. Usiku kucha nimefikiri, leo nikamwambia Sista Agnesi kabla hajavuta dawa: masikio yangu yanapiga mluzi, na nayumba.

Akaweka bomba la sindano chini. Akafungua kadi yangu. Nikaiona kwa mara ya kwanza upande wa ndani. Safu ya kikohozi, safu ya homa, na safu ya tatu imeandikwa kwa mkono wake: masikio. Chini yake, kila siku, vizuri, vizuri, vizuri. Thelathini na tano.

Kumbe kila siku alikuwa ananiuliza masikio. Unasikia vizuri? Na mimi nilidhani ananiuliza hali, kama mtu anavyomuuliza mgonjwa yeyote, unasikiaje leo, nasikia nafuu, nasikia baridi, nasikia vizuri. Mwili ulikuwa unapona, nikamjibu kuhusu mwili. Neno moja. Yeye anauliza lake, mimi najibu langu, tunaagana vizuri, na dawa inaingia.

Nilimwona anazungumza sana, mkono kifuani. Sikupata nusu yake. Ninamchukia. Hana kosa, aliuliza kila siku ya Mungu. Ninamchukia hivyohivyo.

Daktari alipima kwa kengele ndogo na kwa kunisimamisha nimefumba macho. Nikamwangukia. Mwisho akaacha kuongea, akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto: SINDANO TUNASIMAMISHA. VIDONGE ENDELEA, KIFUA KITAPONA. KUSIKIA KULIKOPOTEA HAKURUDI. Kuna watu dawa hii huwafanyia hivyo, ikigunduliwa mapema inasimamishwa mapema. Hilo nalo aliliandika. Nikaomba ile karatasi nimpe Zaituni, kwa sababu mimi kulisema siwezi.

Jumanne, 28 Juni

Wamenitoa kwenye kanda. Nipo masjala, kupanga mafaili. Barua inasema mpaka mwisho wa Septemba, na baada ya hapo jina langu limo kwenye ile orodha. Mezani kwangu amekaa kijana wa chuo. Hedifoni yangu anaivaa vibaya, sponji ya kulia iko nyuma ya sikio. Nilitaka kumrekebisha. Nikapita.

Bwana mifugo alinisubiri nje. Nilidhani atanipiga, nikasimama nipigwe. Aliniambia jambo, nikamwomba arudie, akanitazama usoni kwa muda, halafu akaniacha akaenda zake. Sitajua alichosema.

Jioni kwa Elia, kumwomba radhi. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamwambia atoe kila kitu alichoweka, kinafaa wengine, arudishe spika za mwanzo kama anazo. Anazo, alizifunga kwenye gazeti. Kabla ya kuzirudisha alizipima mbele yangu kwa betri ndogo, moja moja, akanionesha kidole gumba. Nzima. Zilikuwa nzima siku zote. Redio hatukuigusa.

Jumamosi, 9 Julai

Kondoa, kwa mama. Tumefika jana. Vumbi tupu njia nzima, hakuna aliyewasha redio na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi nilimkuta uani kwenye mkeka, sinia la karanga mbele yake. Mama ni mtu wa sauti ndogo. Ametulea sita bila kupaza sauti. Akikugombeza ananong'ona, na ndipo unaogopa. Nikampa shikamoo. Midomo ikatikisika, nikachukulia ni marahaba, nikakaa. Akaendelea. Alizungumza kwa muda mrefu, amenishika kifundo cha mkono, na kila alipotua nikaitikia kwa kichwa. Nikageuka, Zaituni analia. Kumbe mama alikuwa ananiuliza ninaumwa nini, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo.

Zaituni akamweleza. Mama aliacha kumenya, ukucha kwenye ganda la karanga. Kisha akavuta pumzi, akaniita. Salimu. Kwa sauti ambayo sikujua anayo, mishipa ya shingo imesimama, ushungi umemwanguka. Majirani wawili wakachungulia juu ya ua wakidhani kuna msiba.

Nilimsikia. Nikasema labeka, mama.

Alitaka tu kujua sauti yake ifike wapi ndipo nimsikie. Alikohoa kidogo, koo limemkwaruza, akapandisha ushungi wake, akanisogezea sinia. Tukamenya karanga mpaka jua likatufikia, tukausogeza mkeka.