Joho la Blanketi la Amos

Oakland, California
Machi 3, 1908

Dada yangu mpenzi Idella,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Danville imeanza kuyaachia magoti yako. Mimi mzima, ila njaa tu.

Joho limefika. Nililitambua kabla sijalikunjua: ni lile blanketi la kijivu ambalo shemeji Amos alikuwa akijifunika barazani. Sikudhani ungelitia mkasi. Nililivaa juzi kuingia ulingoni, na mzungu mmoja wa kiti cha mbele akapiga kelele, "Womack! Hilo blanketi umemvua farasi gani?" Nikamwambia, "Yule uliyemwekea dau jana akaja wa mwisho." Watu wakacheka, naye akacheka. Ukishakuwa bingwa wa dunia unaruhusiwa utani kidogo, mradi usizidi.

Nilishinda raundi ya kumi na saba. Lakini aliyenitesa si yule Mjerumani niliyepigana naye, ni mizani. Wengine hupimwa asubuhi, wakala, wakapigana jioni. Mimi masharti yangu ni kupimwa palepale ulingoni, viatu na glovu mwilini, na uzito usizidi hata punje. Bwana Corrigan, meneja wangu, anasema tukikataa wataandika kwamba bingwa mweusi amekimbia. Basi nikajikausha. Siku mbili sikugusa maji. Nilikaa karibu na jiko la makaa nimevaa masweta, nikitafuna ubani na kutema mate kwenye kopo. Niliota birika la mama, lile la bluu lenye pengo mdomoni, nimeliinamisha na halitoi kitu.

Nisalimie wote kiwandani.

Mdogo wako,
Lucius


Danville, Virginia
Machi 22, 1908

Mdogo wangu Lucius,

Pokea salamu za dada yako. Mimi sijambo. Nina kikohozi cha vumbi la tumbaku, lakini hapa kiwandani tunamshangaa asiyekohoa.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula. Zilpah Pritchett, ambaye hunyofoa majani pembeni yangu, akasema, "Bingwa wa dunia mzima anatema mate kwenye kopo kama mjomba wangu mlevi! Mwambie aje huku, nitamlisha mpaka mizani iombe msamaha."

Kuhusu blanketi, usione vibaya. Amos ametimiza mwaka kaburini. Nilishindwa kulilalia na nilishindwa kulitupa, nikaona bora limpe joto mtu. Cha kwake kilichobaki ni mkanda wa suruali, umening'inia nyuma ya mlango. Alipoanza kupungua alitoboa tundu jipya kwa msumari, akaniambia, "Tazama, mke wangu, naurudia ujana." Nikacheka naye. Akatoboa jingine, nikacheka tena. Ulikuwa ni kifua kikuu tayari, na sisi tunacheka.

Niandikie unachokula. Usinidanganye.

Dada yako,
Idella


Los Angeles, California
Agosti 9, 1908

Dada yangu mpenzi,

U hali gani? Mimi leo nina habari ya kukufurahisha.

Mizani imenihurumia! Nina pambano Septemba, la kutetea ubingwa, na safari hii sikauki. Nakula nyama na viazi, jana nimekula pai ya pichi nzima, maji nakunywa nipendavyo, na kila asubuhi nikipanda mizani niko chini ya kiwango. Corrigan alicheza dansi chumbani na kofia yake kichwani. "Mwili wako umejifunza, kijana wangu! Umepata akili kuliko kichwa chako!" Mabondia wa hapa wananionea wivu. Mmoja aliniomba nimwambie siri, nikamwambia ni pai.

Kuna kikohozi kidogo, vumbi la huku ni jepesi na linaingia kila mahali. Usiku natokwa na jasho mpaka shuka linalowa, lakini ni Agosti. Fundi cherehani amepunguza suti yangu kiunoni kwa mara ya pili. Alinishika na pini mdomoni akaniuliza, "Bwana Womack, unaelekea wapi?"

Zilpah nimwambie nini? Kwamba simhitaji tena?

Mdogo wako,
Lucius


Danville, Virginia
Agosti 18, 1908

Mdogo wangu Lucius,

Sina nafasi ya salamu ndefu leo. Nisamehe.

Nimeisoma barua yako nimesimama, na bado nimesimama. Usiingie ulingoni. Tafuta daktari, asiwe wa Corrigan, mvulie shati, mwambie kikohozi, jasho la usiku na hiyo nyama unayokula bila kuongezeka. Amos alikuwa na mkanda, wewe una fundi cherehani. Mwili haujifunzi, Lucius. Unaliwa.

Zilpah ameniona nikiandika, akaniuliza, "Amesemaje bingwa wetu?" Nikamwambia amekula pai ya pichi. Akapiga makofi.

Njoo nyumbani. Ubingwa wape. Chumba cha nyuma ni kikavu na nitakufungulia dirisha.

Dada yako anayekuomba,
Idella


Los Angeles, California
Agosti 29, 1908

Idella,

Barua yako imefika. Daktari wa pambano ameweka sikio kifuani kwangu akasema ni mafua ya kiangazi. Ulimuuguza Amos mpaka mwisho, kwa hiyo sasa unamwona kila mahali.

Unajua ni miaka mingapi wamekataa kunipa nafasi hii? Nikiuachia ubingwa kwa kikohozi, hawatampa mwingine wa rangi yetu kwa umri wangu wote. Niache nipigane. Usiniletee kifo kwenye bahasha wiki moja kabla ya kengele.

Lucius


Danville, Virginia
Novemba 15, 1908

Mdogo wangu Lucius,

Naomba Mungu uwe mahali penye joto. Mimi ni mzima.

Hii ni barua ya nne tangu Septemba, na sijui kama Corrigan anakupa. Habari nilizipata kwa kinyozi. Alisoma gazeti kwa sauti, akafika mahali akataka kuruka, nikamwambia aendelee. Wameandika kwamba ulianguka raundi ya tisa bila kupigwa ngumi ya maana, kwamba ulikuwa mvivu, na kwamba watu wetu wakishiba hawapigani. Kinyozi alilikunja lile gazeti akafutia wembe.

Mwisho wa barua yako hukuandika "mdogo wako." Nimeitazama sana ile sehemu tupu. Sikukasirika. Niandikie hata neno moja.

Dada yako,
Idella


Prescott, Arizona
Januari 17, 1909

Dada yangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Barua zako zote nne ninazo. Corrigan alinipa, sikuwa na uso wa kujibu.

Raundi ya nane nilikohoa ndani ya kiganja cha glovu na nikaona damu. Nikaificha kwa kumkumbatia yule kijana mpinzani wangu. Naye akaiona begani kwake, akaninong'oneza, "We mzee, hiyo si yangu." Nikamwambia, "Piga kazi yako." Akaipiga. Hakuwa na kosa.

Corrigan alinikatia tiketi mpaka hapa, akanishika mkono, sijamsikia tena. Hewa ni kavu, wanasema inafaa kwa kifua kikuu. Wazungu wana jengo lao juu ya kilima, sisi tuko kwenye mahema huku chini kwa Bi. Gaines, mjane mkali mwenye moyo mwema. Jirani yangu wa hema ni Burrell, alikuwa fundi wa reli. Kila Jumamosi Bi. Gaines anatupima kwenye mizani ya magunia ya unga. Cheka basi: maisha yangu yote nimeomba mizani ishuke, sasa naomba ipande.

Ulisema kweli, nami nikakuandikia vibaya.

Mdogo wako,
Lucius


Danville, Virginia
Februari 2, 1909

Mdogo wangu,

Ashukuriwe Mungu, umeandika. Nililia kidogo, kisha nikafua nguo.

Sikiliza sasa. Kila Jumamosi ukipimwa niandikie uzito wako, na Bi. Gaines atie jina lake chini. Wewe ni bondia, najua hamkosi hila. Ukipanda, nitakaa nikusubiri. Ukishuka, nitapanda treni siku hiyohiyo nije nikuuguze. Msimamizi amesema atakayeondoka msimu huu asirudi, na Zilpah anasema nitaugua na mimi, lakini hayo ni yangu. Amos alifia mikononi mwangu nami nikaweza. Nitaweza tena.

Unakumbuka mama alipokuwa mgonjwa kitandani nikakufundisha kushona vifungo na pindo? Ulichomwa kidole ukaitukana sindano kama mtu mzima. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nilitaka kukukumbusha tu.

Dada yako,
Idella


Prescott, Arizona
Februari 20, 1909

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka mahemani. Nimepanda ratili moja! Bi. Gaines ametia jina lake hapo chini kama ulivyoamuru, na anakuuliza kama uliwahi kuwa askari jela.

Asubuhi ni baridi kali, kwa hiyo anaturuhusu tupimwe na nguo. Mimi hupanda na joho lako. Burrell anasema nafanana na askofu.

Basi usipande treni. Kaa, ushike kazi yako.

Mdogo wako,
Lucius


Prescott, Arizona
Machi 27, 1909

Dada yangu mpenzi,

U hali gani? Ratili nne na nusu tangu tuanze. Jina la Bi. Gaines ndilo hilo. Mwandiko wangu usikutishe, mkono umekufa ganzi kwa baridi tu.

Nasikia wale wa gazeti wamesahau jina langu. Sawa. Huku Burrell ananiita "Bingwa, nipitishie chumvi."

Ukisimama barazani jioni, mti wa mama wa pichi umechanua? Niambie tu ulivyo, usiutie chumvi.

Mdogo wako,
Lucius


Danville, Virginia
Aprili 11, 1909

Mdogo wangu Lucius,

Ratili nne na nusu! Zilpah alizunguka kiwanda kizima akizitangaza, mpaka msimamizi akauliza ni mtoto wa nani kazaliwa.

Pichi imechanua upande wa barabarani, upande wa nyumba tawi moja limekauka. Nimepaka chokaa chumba cha nyuma. Mkanda wa Amos nimeutoa nyuma ya mlango, nimeuweka sandukuni, usije ukauona. Nimelitafuta birika la bluu, lipo, pengo lake ni lilelile. Ukishuka stesheni utanikuta nimesimama upande wa mabehewa yetu sisi weusi, na wala sitakuambia umekonda, hata kama umekonda.

Dada yako mwenye furaha,
Idella


Danville, Virginia
Juni 6, 1909

Mdogo wangu Lucius,

Sikuulizi hali.

Barua ya Bi. Gaines ilifika mwezi uliopita. Aliandika kwamba ulikwenda alfajiri, kimya, Burrell akiwa amekushika, na kwamba wamekuzika huko upande wetu wa uzio. Niliisoma nikadhani amekosea jina. Nilichukua karatasi zako za Jumamosi nikazipanga mezani, zote zinapanda. Mtu hafi akipanda, nikasema. Zilpah alikuwa amekaa nami.

Jana limefika furushi. Bi. Gaines alitakiwa kuchoma nguo zako kwa ajili ya ugonjwa, lakini anasema joho lilikuwa la kushonwa kwa mkono, akalichemsha mara mbili akalikausha juani. Nililibeba kutoka posta, nikajiuliza blanketi limekuwaje zito hivi. Nikafika nyumbani nikapapasa pindo la chini. Nati za chuma, Lucius. Nati za reli. Zimepangwa pindo zima, na kwenye makwapa, na ndani ya kola. Kumbe kila Jumamosi ulikuwa unaongeza.

Zilpah alilishika akakaa chini. Akasema, "Huyu mtoto amemdanganya nani sasa?" Nikamwambia, mimi. Hakutaka nije.

Najua ulichofanya. Uliniona na Amos, hukutaka nirudie. Ulitaka nisiugue na nisipoteze kazi. Nami ndiye niliyekuonyesha njia, niliposema ukipanda nitakaa. Nilikaa. Nilikuwa napaka chokaa.

Ningekuja. Hilo tu nataka ulijue. Ningekaa na wewe hemani, tungesema habari za sindano na birika. Kazi ningepata nyingine.

Zilpah anasema nizitoe nati, joho lipate kuvalika baridi ikija. Nimeketi nalo mapajani tangu asubuhi na mkasi mkononi. Umetumia mshono ule wa kurudi nyuma niliokufundisha kitandani kwa mama. Kila fundo umelikaza kwa meno, kama ulivyokuwa ukifanya, na ukalificha kwa ndani lisionekane. Sikujua umepata mkono mzuri namna hii. Natafuta mahali pa kuanzia kufumua, sipaoni.

Dada yako,
Idella