Siku Niliyomcheka Punda, Nikampiga Kaka

Jumapili, baada ya alasiri. Joto, na hakuna upepo hata kidogo hapa Mji wa Kale. Mkono wangu wa kulia umevimba, kwa hivyo naandika polepole.

Jana nilimpiga kaka yangu Twahiri mpaka akatoka damu, mbele ya binti yangu. Naanza na hilo kabla sijatafuta njia ya kulizunguka.

Ilikuwa siku ya hitima ya baba, mwaka wa tatu tangu afe. Twahiri ndiye mkubwa, akaiandaa nyumbani kwake Ganjoni. Mke wangu Zuhura alitangulia asubuhi kusaidia kupika pilau, akamwacha Rukia, mwenye miaka minane, na jirani wetu wa chini, Bi Khadija. Mimi nilikuwa nifunge duka la kanga ninalouzia Biashara Street, nimchukue mtoto, tuwafuate.

Nilimkuta ameshapanda kwetu, yuko mbele ya televisheni na bakuli la bisi. Filamu ya watoto, ya punda anayesema. Nikakaa kidogo tu nipumzishe miguu.

Sikuinuka tena.

Punda yule amechoka kubeba magunia. Anamwendea daktari wa mifugo na kumwomba, kwa adabu zote, amwandikie siku tatu za mapumziko. Daktari anazimia. Punda anampepea kwa masikio, kisha anauliza, "Sasa tuseme mgonjwa ni nani?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtu wa miaka arobaini na moja! Rukia aliiacha filamu akawa ananitazama mimi. Hakuwahi kuniona hivyo.

Baadaye mwenye punda anainua bakora, na punda anamwambia, "Ningoje kidogo, nimwambie mwanangu asitazame." Hapo machozi yalinitoka.

Sasa ukweli. Sikuisahau hitima. Simu ililia mara nne, nikaigeuza kifudifudi. Baba alikuwa akitupiga kwa mkanda, kwa waya wa pasi, kwa chochote kilichokuwa karibu. Alimvunja Twahiri kidole kwa sababu ya redio. Sikutaka kwenda kumwombea mtu yule. Nilitaka kumsikiliza punda.

Twahiri aliingia bila hodi, kanzu yake nyeupe imelowa jasho.

"Watu wamesoma, wamekula, wameondoka. Wewe wacheka na punda!"

"Kaka, kaa kwanza tuzungumze."

"Huna haya wewe!"

Akanizaba kofi la kiganja kizima, juu ya sikio. Lilikuwa kofi la baba, lilelile.

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Akarudi nyuma, nikamfuata. Ya pili ilimpata puani, ya tatu sijui wapi. Akaangukia meza ya kioo, ikapasuka chini yake, na kanzu ikaanza kuwa nyekundu begani. Alipojaribu kuinuka nilimkanyaga kifuani. Wakati huo alikuwa ameshakoma kupigana. Nataka iandikwe hivyo: yeye alikoma, mimi sikukoma.

Na nilisikia raha.

Aliyenitoa juu yake ni Bi Khadija, alipanda ngazi mbio akanivuta kola huku akipiga kelele. Rukia alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, ameziba masikio.

Nikampeleka Twahiri hospitali kwa tuktuk. Muuguzi alipomsafisha jeraha aliuliza imekuwaje.

"Nimeanguka ngazini," Twahiri akasema, mdomo umevimba.

Zamani, baada ya kipigo cha baba, mama alikuwa akiwaambia wauguzi maneno hayohayo. Mimi na Twahiri, wadogo bado, tulikuwa tukisimama kando yake, tukitazama sakafu.

"Hakuanguka," nikasema. "Ni mimi niliyempiga."

Muuguzi aliweka pamba chini. Alimuuliza yeye, hakuniuliza mimi, kama anataka polisi waitwe.

"Shona kwanza," Twahiri akajibu. Kisha, bila kunigeukia: "Wadhani mimi nilitaka kumsomea, Nasoro? Nilitaka tu tuwe wawili."

Alishonwa nyuzi kumi na moja. Nilizihesabu zote.

Rukia alilala na mamake kwa Bi Khadija. Leo asubuhi niliteremka kumwona. Alikuja mpaka mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Baba, siku nikikukasirisha, utanipiga hivyo?"

"La, mwanangu. Sitakupiga."

"Lakini Ami Twahiri ni ndugu yako, na umempiga."

Punda aliweza kusema, mimi nikashindwa.

Zuhura ameniomba nitoke nyumbani kwa muda, mpaka mtoto aache kushtuka kila mlango unapofungwa. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nilifikiria jamaa wote wa kuwapigia simu, na kila mmoja ningemdanganya kuhusu mkono huu. Mwishowe nikampigia asiyehitaji kuelezwa.

"Njoo," Twahiri alisema. "Chumba cha nje ki wazi. Lakini siku utakayoinua mkono tena, mimi mwenyewe nitawaita polisi."

"Na wewe ukiinua wako?" nikamuuliza.

"Na mimi vilevile," akasema.

Nimeshafunga begi. Kesho nitaamka nyumbani kwa mtu niliyempiga, nimpikie uji, kwa sababu hawezi kutafuna.