Mchanga Usiotoa Povu

Jumamosi, 4 Machi
Nimechagua! Wiki nzima nimelisumbua duka la samaki wa mapambo kwa ajili ya mchanga wa tangi langu jipya la maji ya bahari. Laini kama unga — hapana, pampu itaurusha, tangi liwe uji. Changarawe — hapana, mabaki ya chakula yatajificha humo yaoze. Nimechukua wa katikati, punje kama sukari, wa matumbawe yaliyosagika, una chembe za rangi ya waridi. Muuza samaki, tunayemwita Mapezi, akacheka: mama, hata mume hukumchagua hivi. Nikamjibu mume nilimchagua kwa macho tu. Mifuko mizito. Mume wangu ataipitia na gari.

Jumanne, 7 Machi
Mchanga umefika. Nimetoka kazini nikakuta mume wangu keshaumimina kwenye ndoo. Mbona mweupe hivi, nikasema. Akasema ni vumbi, uoshwe tu. Akakunja mikono ya shati, tukaosha pamoja uani mpaka maji yakatoka safi. "Una jicho, mke wangu," akaniambia. Nilifurahi kama mtoto.

Jumapili, 19 Machi
Tangi lina mawe, taa, maji ya chumvi. Samaki wangu na vipande vya matumbawe bado viko kwa Mapezi — hatanipa mpaka maji yatulie. Hayatulii. Nikipima, kipimo cha pH kimeshuka tena. Nimempigia. Anashangaa: mchanga wa matumbawe huyashikilia maji yasigeuke kuwa tindikali. Tia siki juu yake, ukitoa povu ndio wenyewe.
Nimetia. Kimya. Nimetia tena. Punje zimelala kwenye kijiko kama hazinijui.
Mume wangu anasema labda siki imezeeka.

Jumatano, 22 Machi
Nimepita kwa wifi. Naye ana tangi jipya, ugonjwa huu nilimwambukiza mimi. Nikainama nitazame samaki wake. Chini — punje kama sukari. Chembe za waridi.
Kautoa wapi? "Si kaka kaniletea! Hakukwambia? Alisema umebadili mawazo, umepata mzuri zaidi." Akaniita bingwa wake. Wifi hana kosa. Nikanywa chai, nikaaga.
Nyumbani nimemuuliza mume wangu. Hakukana. Dada yake alimlilia, dukani ulibaki ule wangu tu, na mafundi wa ukuta wa jirani walikuwa wameacha mchanga mweupe. Akauchekecha, akaniletea huo. "Mchanga ni mchanga, mke wangu."
Kutoa ningesamehe. Hata uongo, labda. Lakini ile mikono ya shati! Alichuchumaa nami uani akiosha mchanga aliojua si wangu, akausifu. Wengine hutiwa mchanga wa macho. Mimi niliusuuza kwanza!
Nimemwambia: siku nyingine ukinidanganya, usinisaidie.

Alhamisi, 23 Machi
Naukomba mchanga tangini kwa kikombe. Mume wangu akauliza, aje anisaidie? Nikaendelea kukomba. Akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Jumamosi, 25 Machi
Ametoka asubuhi bila kuaga. Amerudi na ndoo mbili, shati limelowa hadi kifuani. Mchanga wangu! Mbichi, na konokono mdogo anatambaa juu yake, hajui amehamishwa.
"Nimekurudishia," anasema, kama aliyetoka vitani.
Na samaki wa dada yako? Wamo. Maji yamechafuka kidogo, yatatulia. Na yeye? Hayupo, yuko kazini — mume wangu ana ufunguo wa nyumba ya dada yake, akaingia. Hajamwambia kitu.
"Basi, yamekwisha," anasema. Anataka nicheke. Anauliza aanze kumimina?
Nimemwambia aurudishe sasa hivi, kabla wifi hajafika nyumbani. Anasema atamwambiaje dada yake, mara alete, mara atoe, mara alete? Eti bora niongee naye mimi. Mimi na wifi tunapatana. Niseme ni mimi niliyeutaka.
Simu ipo hapa mezani, kando ya daftari. Inaita. Wifi.
Mume wangu amesogeza ndoo kando ya tangi, ameshaanza kukunja mikono ya shati.