Mdomo wa Kaka Yako

Yoshida, Ehime
14 Novemba 1987

Mpendwa wifi Shigeyo,

Habari za Obihiro? Nasikia theluji imeshaanza huko. Je, goti lililopasuliwa linaendeleaje, unapanda ngazi bila fimbo sasa? Huku machungwa ya mwanzo yameiva. Mwili wangu ni mzima.

Asante kwa ubani ulioutuma. Nimeuchoma mbele ya picha ya kaka yako Kanjiro, ile ya kofia, aliyokataa kuivua hata mpiga picha alipomsihi.

Umeandika kwamba kinachokufariji ni kuwa kaka yako aliamka mzima siku ile aliyoanguka, akanywa supu yake akicheka. Mimi ndiye niliyekwambia hivyo kwenye simu. Si kweli, wifi.

Asubuhi ile nilimuuliza kama supu ya miso imezidi chumvi. Alipinda mdomo, supu ikamchuruzika kidevuni. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa utotoni jina la hesomagari, mtu wa kitovu kilichopinda, kwa ubishi wake. Nami nimemtania kwa jina hilo miaka thelathini na moja. Basi nikadhani ananibeza. Nikamwambia, "Kitovu hakikutosha, mzee, sasa unapinda na mdomo?"

Alijaribu kucheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu ikabaki vilevile. Nikazidi kukasirika, nikachukua mkasi wangu na kwenda zangu mlimani kukata machungwa.

Sisi husema waya umepinda, mdomo umepinda, roho imepinda, kwa neno hilo hilo moja. Mimi nilichukua la roho. Niliporudi saa sita mchana nilimkuta ameanguka kando ya meza, kitambaa mkononi. Alikuwa akifuta supu.

Daktari alisema ni kiharusi, akauliza mdomo ulianza kupinda saa ngapi. Nikasema sijui, nilikuwa shambani. Kanjiro alikuwa macho, akinitazama.

Siku ya tisa akafariki. Kwenye mazishi, kabla mwili haujachomwa, jirani yetu Hamada alichungulia jenezani akasema, "Mwoneni, anacheka upande mmoja! Hesomagari huyu, hata leo hataki kufanana na wenzake." Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Nami nikacheka nao.

Unasema utakuja kwenye ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu afariki, safari ya siku mbili kwa treni na goti hilo. Nimeona aibu kukuacha uje unishike mkono bila kujua. Ukiona huwezi kuja tena, sitakulaumu.

Nisalimie mumeo Tatsuo na binti yako Kinue. Wazee wetu waliotangulia wakukinge na baridi na wakupe miguu yenye nguvu.

Kwenye ibada, ule mto wa kukalia wa mbele kabisa, karibu na majivu yake, ni wa mke. Ukija, kaa wewe. Mimi nitakaa nyuma yako.

Akupendaye hata ukimkasirikia,
Fusae