Mchicha Alioleta Mtani

Ng'ambo,
Tabora.
8 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Yustina,

Shikamoo. Habari za huko Mtwara, na kile kifua chako kimetulia? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Shangazi, ndoa ni tamu! Laiti ungekuwepo harusini. Renatus wangu akirudi kazini huniita jina tangu njiani, mpaka majirani wanatucheka. Asubuhi mimi huamka mapema nimtazame tu alivyolala.

Ila kinachonifanya nishike kalamu leo ni aibu, na sina mwingine wa kumwambia.

Kazi yake nilikusimulia. Anaendesha mtambo wa hosteli moja hapa mjini, unaosafisha maji yaliyokwisha kutumika bafuni, jikoni, hata chooni, mpaka yanafaa kunywewa. Nimeyanywa, matamu kabisa. Nilivyojivuna! Yanayobaki kwenye machujio, maji machache mazito yenye chumvi, yalikuwa yakiteremshwa bondeni.

Bondeni ndiko analima Bibi Mwanajuma, jirani yetu huku nilikoolewa. Ni Mzaramo, wazee wake walifika na misafara wakabaki. Unajua tena utani wao na sisi Wanyamwezi. Siku ya harusi alijipenyeza kati ya waleta zawadi, akanimwagia mapajani fungu la mchicha mkavu, majani yameungua kingo zote.

"Pokea, mtumwa wangu! Maji ya mumeo yameshaupika, wewe utie mafuta tu!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nami nikasimama na shela langu: "Mzaramo mvivu wee! Kulima hujui, unamsingizia mume wa mtu!" Vigelegele! Nilicheka mpaka wanja ukanitiririka. Yeye alicheka kidogo tu, akaondoka kabla ya chakula.

Mwezi uliopita niliteremka bondeni kutafuta mboga. Shangazi, udongo umefanya ukoko mweupe. Matuta yake yote yako wazi, na kwenye kijito sikusikia chura hata mmoja. Nilimkuta ameinama anaukwangua ule weupe kwa jembe. Mchicha ule ndio unaomlisha, hana mtoto. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akaniinua, akasema hapana neno.

Nilipomweleza Renatus, kwanza alijitetea. "Ni chumvi tu, mke wangu, si sumu." Nikamshika mkono nikampeleka. Jioni hiyo hakula. Amewasumbua wakubwa wake mpaka wamekubali, sasa mabaki yanakaushwa kwenye bwawa lililotandikwa turubai. Lakini anasema udongo utangoja masika kadhaa uoshwe.

Tumemmegea Bibi Mwanajuma kipande cha kiwanja chetu, apande. Alipofika na jembe nikamchokoza makusudi: "Mzaramo, leo utaweza kweli?" Nikangoja matusi yangu. Akainamisha kichwa: "Asante sana, mama. Mungu akubariki." Kila siku ananijibu hivyohivyo, kwa adabu, kama anaongea na mgeni.

Shangazi, wewe umeishi na watani miaka mingi. Mtani akishaacha kukutukana, hurudishwa vipi? Nifundishe, nitafanya lolote.

Wasalimie kina Wilbroad na Magreth. Renatus anakuamkia. Mungu akulinde na akupe pumzi nyepesi.

Mimi mwanao, nikupendaye sana,
Marcelina